Malalamiko Kuhusu Ufito wa Kuvulia Samaki Nilioununua kwa Ushauri Wenu

Sagalla,
kwa njia ya Posta ya Voi.
12 Oktoba 1977

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Mapumziko

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kuwa ofisi yenu yote ni nzima. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Kwa kuwa mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote hawezi kukaa akitazama kuku, nilisoma kwa makini makala yenu iliyoeleza jinsi anayeanza anavyoweza kuchagua ufito wa bei nafuu wa kuvulia samaki kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu. Makosa ya upatanisho yaliyomo katika aya ya pili sitayataja. Nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuyaambatisha.

Ninacholalamikia ni madhara yaliyonipata kwa kuifuata makala hiyo neno kwa neno. Nayo ni haya:

1. Mwandishi wenu alisema anayeanza asinunue ufito wa gharama, bali ulio mwepesi, unaopinda katikati, wenye mshipi unaolingana nao kwa uzito. Nilishuka Voi hadi dukani kwa Bwana Abdulghani, aliyekuwa na ufito mmoja tu, ulioachwa na meneja wa shamba la mkonge aliporudi kwao. Bwana Abdulghani aliniapia kuwa unapinda vizuri, na kwamba samaki wakinishinda utafaa kutundikia pazia. Mke wangu, Wakesho, aliniuliza samaki hao wako katika kisima kipi, maana yeye huamka alfajiri kufuata maji na hajawahi kukutana nao. Nilimweleza kwamba nikihitimu nitakwenda Ziwa Jipe. Alichukua ndoo yake akaenda zake kisimani.

2. Makala iliagiza kwamba kabla ya kwenda majini, anayeanza afanye mazoezi kwenye nchi kavu, mahali pa wazi palipoinuka, pasipo na miti ya kunasa mshipi, akiwa amefunga uzi wa sufu badala ya ndoana. Nchi kavu tunayo ya kutosha. Lakini mahali pa wazi namna hiyo hapa kwetu ni pale tu kwenye mwamba ulio juu ya kanisa. Mwandishi hakutuonya tuulize mwamba ulikuwa na kazi gani. Ndipo wazee wa zamani waliposimama kuomba mvua, na wa mwisho wao alikuwa babu yangu mzaa baba. Sijawahi kuificha habari hii, ila sikuhitaji kukumbushwa.

3. Nilisimama juu ya mwamba huo katikati ya ukame, nikirusha mshipi mbele na nyuma kama ilivyoagizwa, huku nikihesabu kwa sauti ya chini ili mkono usiharakishe. Ndulu, anayechuuza maji kwa punda, aliiona midomo yangu ikicheza. Kufikia jioni, hadi Maungu, kijiji cha jirani kule bondeni, walijua kwamba mjukuu ameishika kazi ya babu.

4. Siku chache baadaye ikanyesha. Yalikuwa manyunyu yasiyoweza kulowesha leso, lakini yalianguka Sagalla na hayakufika Maungu. Watu wa Maungu wakatuma ujumbe kunilaumu kwamba narusha upande mmoja kwa upendeleo. Mama Tryphena akanisihi nisimharibie arusi ya bintiye. Bwana Miraj wa Kaloleni, mfyatuaji wa matofali, akaagiza nimwache kwanza achome tanuri lake, kisha nifanye nipendavyo. Asubuhi moja nikakuta kondoo mweusi amefungwa langoni pangu, na kando yake kibuyu cha pombe ya miwa. Ndugu Mhariri, sijaonja pombe tangu nibatizwe. Kondoo naye anakula mihogo ya Wakesho, na aliyemleta kama sadaka ya mvua hajitokezi.

5. Baraza la wazee wa kanisa, chini ya Mchungaji Silvanus, limenisimamisha kusoma Maandiko ibadani. Jumapili iliyopita alisoma Bi Gertrude, ambaye hapumziki penye nukta. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi kuthibitisha kwamba ufito huu ni wa samaki. Nisipoweza, nafasi yangu itakuwa yake daima. Nilijaribu kuthibitisha mbele ya baraza. Waliniomba niwaonyeshe samaki mmoja.

Kwa hiyo naomba mchapishe, kwa herufi nene, tamko kwamba ufito wa aina hii hauna uhusiano wowote na mawingu. Naomba pia mwandishi wenu apande Sagalla, asimame juu ya mwamba, aurushe mshipi mbele ya baraza zima, na mvua isinyeshe. Ikinyesha, aondoke na kondoo. Tena, kila makala ijayo imwonye anayeanza kwamba kabla ya kuuliza bei ya ufito, aulize kwanza babu yake alifanya kazi gani.

Nifikishie salamu kwa wapiga chapa, kwa wasahihishaji (hao hasa), na kwa anayewapikia chai. Wakesho angewasalimu pia, kama angejua nawaandikia.

Ni mimi, ninayengoja haki yangu kwa utulivu,
Mwalimu Obadiah Mwandawiro

Baada ya sahihi: Mchungaji Silvanus ameondoka hapa sasa hivi. Tangi la kanisa limekauka, na ubatizo wa watoto ni Jumapili. Amesema baraza haliamini kamwe mambo ya mwamba, ila halioni ubaya mzee wa kanisa akinyoosha viungo huko Jumamosi, na kwamba Jumapili nitasoma masomo yote mawili. Kwa hiyo tamko nililoliomba msilichapishe, na mwandishi wenu asije. Badala yake anijibu kwa haraka kama anayeanza anaruhusiwa kuhamia ufito mzito zaidi, maana tangi lenyewe ni kubwa.