Ziara ya Baiskeli ya Kumzuia Jarmila

Jumatatu, 2 Septemba

Mgongo unauma tangu jana, tulipochimbia nguzo kule kwenye mlima wa mizabibu. Lakini hilo si kitu. Nimesikia kwenye foleni ya mkate kwamba Jarmila, jirani yangu, anahamia mjini Brno kwa binti yake zabibu zikishavunwa. Jarmila wangu! Nani ataniuliza asubuhi kama nimekula? Tangu afiwe na mumewe Radomír nina neno moja la kumwambia, na kila nikifika kwenye uzio linageuka kuwa habari za mvua.

Basi. Jumamosi naandaa ziara ya baiskeli ya siku nzima, kijiji hadi kijiji, ghala la mvinyo hadi ghala la mvinyo. Jioni tunaishia kwenye kikanisa cha juu, penye benchi la watu wawili. Hapo nitamwambia asiende. Tangazo nimelibandika kwa klabu nzima ya wastaafu, maana nikimwalika peke yake kijiji hakitanyamaza. Wengine nitawapunguza polepole.

Wa kwanza kujiandikisha ni Zbyněk. Mgane, masharubu yamechanwa, baiskeli ya umeme. Nilijua tu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda kukagua njia. Metoděj, mwenye ghala la kwanza, nikamweleza njama yangu: Zbyněk amiminiwe glasi kubwa, na nyingine, na nyingine, mpaka asahau kuondoka. Metoděj akasema hana neno, ila glasi zenyewe lazima tuzijaribu kwanza. Tukazijaribu. Nimerudi nikisukuma baiskeli. Njia ni nzuri, nadhani. Nusu yake siikumbuki.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeongeza maneno kwenye tangazo: milima mikali, jua kali, vyoo hakuna. Watakimbia wenyewe.

Baadaye. Hawakukimbia. Klabu yote imejiandikisha, hata Božena na goti lake bovu. Wanasema hatimaye Alois kaandaa kitu cha watu wazima.

Jarmila alikuja kwenye uzio akauliza aoke keki za koláče za jibini au za jamu ya plamu. Alikuwa na unga shavuni. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia mawingu yanaelekea Austria.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepata! Kwenye njia panda nitawapeleka wote kwenye barabara ya bwawani. Niseme kuna soseji huko. Mimi na Jarmila tutakatiza kupitia mashamba ya mizabibu. Siku hizi hapiti mtu pale hata mmoja. Sijui kwa nini, lakini imenifaa kweli.

Jumamosi, 7 Septemba

Nianzie wapi.

Asubuhi mambo yalinyooka. Zbyněk hakunywa hata tone kwa Metoděj, alisema ana zamu, lakini njia panda alipotea, nikashukuru. Wengine walisikia soseji wakapiga pedali kama vijana. Nikabaki na Jarmila. Tukaingia mashambani, zabibu zimening'inia kulia na kushoto, yeye kando yangu akivuta pumzi na kucheka. Nikafungua mdomo.

Mbele yetu, nguzo. Ile yenye utepe na shada la maua, niliyoichimbia mwenyewe Jumapili. Chini yake Zbyněk amekaa, ana kitambaa cha ulinzi mkononi.

Kama kila mwaka kabla ya mavuno, mlima umefungwa. Nguzo ikishasimama, haruhusiwi mtu kuingia shambani hadi siku ya mavuno, hata mwenye shamba. Na walinzi tulioapa mbele ya meya mwaka huu ni wawili: Zbyněk na mimi.

Zbyněk akanisalimia kwa heshima zote, karibu bwana mlinzi, umekuja kujikamata? Jarmila akasema alidhani nina ruhusa, kwa kuwa ulinzi wenyewe ni wangu. Yeye akasamehewa. Mimi nikafungwa kwenye nguzo kwa kamba ya majani, kama desturi inavyotaka, mpaka atokee mtu wa kunikomboa kwa mvinyo wa ghala lake.

Jarmila akaazima ile baiskeli ya umeme akaondoka. Wanaklabu nao wakafika pembeni ya shamba, wamenuna kwa kukosa soseji bwawani. Walipoona nilivyofungwa walifurahi sana. Božena alikaa chini kwa kucheka.

Jarmila akarudi na chupa tatu. Nilizitambua. Mvinyo wa mwisho wa Radomír, ambao hajawahi kumfungulia mtu, hata padri. Nikamwambia asifanye hivyo, sistahili. Akasema Radomír angelia akisikia mvinyo wake umeharibikia ghalani, halafu akaninywesha mwenyewe, maana mikono yangu imefungwa.

Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kisa cha haya yote ni nini. Nikasema usiende Brno. Mbele ya klabu nzima, na kamba kiunoni.

Akasema binti yake ndiye anayetaka, yeye hajajibu bado. Alikuwa anangoja kusikia kama kuna mtu hapa atakayesikitika. Angeondoka kweli, kwa sababu wiki nzima nimemwambia habari za mawingu. Sasa haendi. Akasema ananipenda, mjinga mimi, na nikiwa na neno jingine la kumwambia nifike tu kwenye uzio niliseme.

Nililia. Zbyněk alinifungua kamba, akanipa leso yake.

Jumapili, 8 Septemba

Sijawahi kuwa na furaha hivi. Nataka kumwomba tuoane.

Tatizo ni uzio. Dirisha la Zbyněk linautazama. Nimefikiria tangu alfajiri. Nahitaji kuku. Kuku akiruka uani kwa Jarmila, nitakuwa na sababu ya kumfuata, na Zbyněk hatashuku kitu. Sina kuku. Metoděj anao, ila atataka tujaribu glasi kwanza. Baiskeli imeharibika, kwa hiyo huenda ikawa Jumatano.

Jarmila amesimama kwenye uzio tangu asubuhi, amevaa gauni la kanisani, ananiita. Nimemwambia kupitia dirisha anivumilie kidogo, nina kazi.