Karatasi za Njano

Jumatatu, tarehe 4
Mkurugenzi kawaka. Tunauza pampu za maji, na wateja wa nje tunawaandikia kwa Kiingereza. Mmoja wao kauliza kama printa yetu imeishiwa wino, maana sentensi zinaanza vizuri kisha hazifiki popote. Sasa anatafutwa mhakiki wa barua zote. Atatangazwa Alhamisi. Atapewa meza ya dirishani! Tunaoitaka ni wawili, mimi na Kamusi. Kamusi ni mwanyumba wangu, tumeoa ndugu wawili. Mama mkwe wetu ni mmoja, na anapenda kulinganisha. Jioni nimempigia simu kumwambia meza nimeshapata. Kafurahi. Jumamosi anakuja kunipongeza.

Jumanne, tarehe 5
Nimepata mbinu. Barua isomwe kwa sauti, kuanzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza. Kila sentensi isimame peke yake. Isiyoweza kusimama imepungukiwa. Nilipofika barua ya nne mhasibu kasema kelele zimezidi, nikasomee stoo. Huko nimesoma vizuri sana, mpaka mlinzi akafunga mlango kwa nje. Saa nzima na mipira ya pampu! Aliyenisikia ni Kamusi. Kwa nini yeye?

Jumatano, tarehe 6
Mbinu bora zaidi. Makosa ya Kamusi hayatoshi. Kusema kweli hayapo. Basi yatengenezwe. Rasimu zote huwekwa kwenye trei moja bila jina, lakini karatasi za njano anatumia Kamusi peke yake. Wakati wa chakula cha mchana nimechukua barua tatu za njano. Nimezichapa upya kwa karatasi za droo yake mwenyewe. Kitenzi nimetoa hapa, nusu ya sentensi pale. Sentensi kumi na moja! Nimezirudisha kwenye trei. Nimekula mkate wangu kwa utulivu mkubwa.

Alhamisi, tarehe 7
Kikao. Nimesimama na kalamu nyekundu. Nimeonyesha pengo moja baada ya jingine. Nimesema aliyeandika haya asiachiwe kuandika hata kadi ya pole. Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi kasema barua hizo ni zake. Karatasi nyeupe ziliisha jana asubuhi, akaazima za njano kwa Kamusi. Kauliza ni nani aliyezikata. Nikaanza: kwa kuwa mimi jana... Nikaishia hapo. Meza ya dirishani kapewa Kamusi. Mimi niandike barua ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, na mhakiki mpya aipitishe kesho. Isipopita, kazi sina. Nimejipalia makaa.

Ijumaa, tarehe 8
Barua imerudi mara tatu. Kamusi anasema hakuna sentensi hata moja iliyokamilika. Ya kwanza ina sababu tupu. Ya pili ina trei, karatasi na mchana, lakini hakuna mtu aliyefanya kitu. Kaniuliza taratibu: mwenzangu, wewe uko wapi humu? Nimesema Kiingereza ndivyo kilivyo. Kasema niandike nilichofanya, itakamilika yenyewe. Nimekaa nayo hadi saa kumi. Nimeona aibu, nakiri. Kisha nimeandika kwamba mimi ndiye niliyezikata. Imepita! Mkurugenzi kaisoma mara mbili, kaniachia kazi. Ila meza yangu sasa iko stoo.

Jumamosi, tarehe 9
Mama mkwe kaja, na Kamusi na mkewe nyuma yake. Kauliza kama dirisha langu linaingiza hewa nzuri. Nimemjibu kwamba linaingiza. Stoo ina dirisha. Dogo, lakini lipo. Kamusi kanitazama, kisha kaongeza chai. Hakutoboa siri! Mtu mkimya namna hiyo ana lake jambo. Wakati wa kuagana kaninong'oneza kwamba yaliyopita yamepita, na kwamba kuanzia Jumatatu atatumia karatasi za kijani ili barua zisichanganyike tena.
Nimewasindikiza hadi njia panda. Wakati wa kurudi nimepitia duka la vifaa vya ofisi. Nimenunua bunda zima la kijani.