Ndege Zikitua, Shukrani Atasema

Jumatatu, 14 Julai

Mama mkwe amepiga simu saa moja asubuhi, jiko bado halijawaka. Salamu ndefu, kisha neno lenyewe. Anakuja Jumapili kutoka Ntalikwa. Akikuta Shukrani bado hasemi, anaondoka naye. Eti kule kwake uani watoto ni wengi, na mtoto hujifunza kusema kwa kugombania viazi. Hapa mjini yuko peke yake na mimi, na mimi, anavyosema yeye, namaliza maneno yote ya nyumba.

Shukrani ana miaka miwili na miezi minne. Hajasema neno. Si mama, si maji. Nesi wa kliniki alimpima masikio akasema ni mazima, nimpe muda. Muda! Nina siku sita.

Kibaya zaidi ni Leonia, binti wa jirani yangu Asnath. Wamepishana wiki tatu tu na wangu. Leonia anamaliza zaburi nzima bila kupumua. Asnath humsimamisha kwenye ngazi ili sote tusikie, kisha anasema wala hajamfundisha.

Lakini Shukrani ana kitu. Ndege ya Dar ikipita juu ya bati letu, anaacha kila kitu. Kidole juu, mdomo wazi, koo linatetemeka. Neno liko pale pale mlangoni, limekosa wa kulisukuma.

Jioni mume wangu Zablon amerudi na bajaji yake na habari. Alimbeba abiria anayejua mambo ya mafuta ya ndege. Wiki hii zinakuja ndege nne za zamani, wazee wa Ulaya wanazirusha kwa kujifurahisha. Zinafuata reli kwenda Dar na zitalala Tabora, kama zilivyokuwa zikilala hapa enzi za Mwingereza. Mabawa mawili juu, mawili chini. Mngurumo wake unaingia hadi kwenye mifupa.

Hapo hapo nikapata mpango. Ndege moja ya kawaida, tena ya mbali, inamfungua mdomo. Za zamani nne, tena za karibu, zitalitoa neno zima.

Zablon kasema nisimwambie Asnath. Nimemwambia Asnath, lakini kwa kifupi.

Jumanne, 15 Julai

Nimemfunga Shukrani mgongoni, tukaenda uwanjani kupeleleza. Lango la pembeni lina mlinzi mmoja, mtu mzima, kofia yake inang'aa kama sufuria ya harusi. Shikamoo. Marahaba. Nikaomba kuingia, akanikatalia kwa upole. Lakini nikasikia lafudhi. Nikamuuliza kwao wapi. Mpwapwa. Mgogo!

Nikajua nimeshaingia. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo, ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakikatiza kwao na pembe mabegani kwenda pwani. Nikamwambia afungue haraka, asinitie aibu mbele ya mtoto. Akasema babu yangu alikunywa maji ya Ugogo akaondoka usiku bila kutoa hongo ya njia, kwa hiyo kila lango la Tabora ni lake mpaka deni lile lilipwe. Nikasema babu yake ndiye aliyelala njaa hadi wangu alipopita. Akasema sisi Wanyamwezi tulipewa miguu tu, ulimi tuliusahau njiani, ona hata mtoto.

Angesema mwingine ningelia. Mtani akisema, unacheka. Nilicheka kidogo.

Anaitwa Mzee Hilari. Shukrani alimshika kidole asimwachie. Hapo akalainika, akaninong'oneza siri. Zinafika Alhamisi saa nne asubuhi, na hazitui huku kwenye jengo. Za zamani zinapenda nyasi. Zitatua mwisho kabisa kule, karibu na mashamba ya mihogo. Nisimwambie mtu.

Nimemshukuru hadi nikapiga goti. Faida ya kuwa na mtani.

Jumatano, 16 Julai

Mazoezi. Mtoto hawezi kuona jambo kubwa hivyo ghafla, moyo utamruka. Nimetengeneza ndege ya nyumbani. Boksi la sabuni ndiyo mwili. Bawa la juu ungo wangu, bawa la chini ungo wa Asnath niliouazima bila kueleza. Shukrani ndani, mimi nyuma nanguruma.

Alifurahi sana. Alicheka mpaka kwikwi. Neno hakuna.

Asnath akatokea kudai ungo wake. Akamkuta mtoto amekaa katikati ya nyungo mbili na mimi nazunguka uani navuma. Akasimama. Akasema Mama Shukrani, mimi ni jirani yako na nakupenda, lakini mji huu watu wanaopaa kwa ungo wana jina lao, na wewe umepandisha na mtoto. Wanawake wa bombani walikuwa wamefika hadi kwenye uzio wetu.

Ndege imevunjwa. Ungo umerudi kwa mwenyewe. Zablon kaambiwa njiani kabla hajafika nyumbani. Amekula ugali wake huku mabega yanacheka.

Alhamisi, 17 Julai

Saa mbili asubuhi tuko kwenye mihogo. Nimebeba uji, mtama wa kukaanga na kanga ya kutandika.

Saa nne. Hakuna kitu.

Saa sita. Akapita mchungaji na ng'ombe wake, akauliza namngoja nani. Nikasema ndege. Akatazama juu, akatazama nyasi zilizonifika kiunoni, akaniuliza kama nyumbani wanajua nilipo.

Saa nane ndege ya Dar ikatua upande ule mwingine kabisa, kwenye lami, kama kawaida. Shukrani akanyoosha kidole. Mimi nikanyoosha miguu. Nguo zote zimejaa mbegu za nyasi, tumefanana na mbuzi.

Kurudi langoni, Mzee Hilari aliniona toka mbali. Alishika nguzo kwa mikono miwili asianguke kwa kicheko. Akaniuliza kama mihogo imekomaa. Akasema kwao hata mtoto mdogo anajua kwamba mtani haulizwi saa.

Basi nikachukua haki yangu. Nikamvua kofia kichwani, nikamvalisha Shukrani, tukaondoka. Mtani akikuchukulia kitu huna pa kushtaki. Nyuma yangu akapaza sauti kwamba kwa kweli zinakuja kesho saa tano, mbele ya jengo, nije mapema.

Kesho saa tano! Ananiona mjinga mara mbili.

Ijumaa, 18 Julai

Saa tano kasoro nilikuwa nafua. Nimetulia. Nimemwambia Shukrani mama yake si mtu wa kudanganywa kila siku.

Saa tano kamili mbingu ikanguruma.

Si kama ya Dar. Ni kama mashine nne za kusaga zimeota mabawa. Zilipita chini, moja, mbili, tatu, nne, nyekundu, njano, na mbili rangi ya maziwa. Shukrani aliinuka akatembea kinyumenyume akizitazama mpaka akakaa kwenye beseni. Nikamtoa beseni, nikamfunga mgongoni akiwa anachuruzika, nikakimbia na povu mikononi. Zablon alikuwa na abiria Kitete, simu hapokei. Nimekimbia njia nzima.

Nimefika zimeshatua. Umati kwenye uzio, mimi nyuma ya migongo. Mbele kabisa, ndani ya kamba, Asnath na Leonia! Kumbe "kwa kifupi" yangu ilimtosha. Leonia alikuwa anawasomea wageni zaburi, wazee wa Kizungu wanapiga makofi.

Nikatafuta lango la pembeni. Mlinzi mwingine. Nikamuuliza mtani wangu yuko wapi. Akasema leo mkubwa amekagua walinzi kwa ajili ya wageni, Hilari kakutwa hana kofia. Kapelekwa akalinde pipa la taka nyuma ya jengo.

Nikarudi nyumbani nikaifua ile kofia, nikaipiga pasi, jioni nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili akasema asante. Hakutania. Mtani akiacha kutania, ujue umemuumiza. Nikasema anisamehe, nilidhani ni mchezo wetu tu. Akaivaa, akaiweka sawa, akamtazama Shukrani mgongoni.

"Zinaondoka kesho saa moja asubuhi," akasema. "Njoo saa kumi na mbili na nusu, nitakusimamisha ndani ya kamba. Hapo sikutanii, mwanangu."

Hivyo ndivyo angesema kama ananitania.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda. Zablon alitupeleka, akasema bora tudanganywe wote watatu.

Haikuwa uongo. Mzee Hilari alitufungulia lango kama tumezaliwa humo.

Baridi, vumbi bado limelala. Ndege nne zimepanga mstari, pua juu, mkia chini, kama kuku wanaokunywa maji. Mabawa yamepandana kama vitanda vya bweni, katikati yamefungwa waya. Sikuweza kujizuia, niligusa bawa. Ni kitambaa! Kitambaa kimevutwa kikapakwa rangi. Ukikigonga kinalia kama ngoma. Nikawaza kanga yangu ikipakwa rangi itanifikisha wapi. Nikauliza mvua ikinyesha? Rubani wake, bibi mwenye mvi na koti la ngozi, akatafsiriwa swali langu, akajibu kwamba analowa.

Bibi yule akafungua mfuniko wa pua ya ndege. Ndani mabomba, nyaya, mafuta, vitu vimelaliana kama utumbo wa mbuzi. Shukrani akajisukuma kutoka mkononi mwangu, akaingiza kichwa humo. Bibi hakumfukuza. Alimshikia mfuniko. Wakachungulia wote wawili muda mrefu, kama wanatafuta sindano.

Kisha pangaboi likazungushwa kwa mkono. Mara ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu moshi, mngurumo, upepo, kofia ya Mzee Hilari ikaruka na yeye nyuma yake. Nilimtazama Shukrani tu. Kidole juu. Mdomo wazi. Koo linatetemeka. Nikasema moyoni, sasa.

Akafunga mdomo.

Zikaondoka moja moja kuelekea mashariki juu ya reli. Zikawa kunguru, zikawa nzi, zikawa si kitu. Watu wote walipiga kelele. Mwanangu alipunga mkono mpaka mwisho, kimya kabisa. Njiani nilijifunika kanga usoni, nikamwambia Zablon ni vumbi.

Tangu turudi anafunua kila chenye kifuniko. Sufuria ya mchicha, ndoo ya maji, sanduku la nguo. Anachungulia, anaenda kwingine. Zablon anasema anatafuta injini, nimwache.

Mimi nina ya kwangu. Mpango wa mwisho. Leonia ana sauti nyembamba kama ya mtoto yeyote. Asubuhi mama mkwe akiwa kanisani na Zablon, namweka Leonia nyuma ya pazia la chumbani. Shukrani anakaa mapajani pangu, uso umeelekea huko. Pazia linasema shikamoo bibi. Bibi anasikia, anashukuru Mungu, anapanda gari la Ntalikwa peke yake. Asnath kakubali, kwa sharti kwamba nitangaze bombani kuwa Leonia ndiye aliyemfundisha. Nimekubali. Nitameza hata nyuki.

Jumapili, 20 Julai

Mama mkwe ameingia na kikapu cha viazi na begi tupu. Begi nililiona kwanza.

Nikampa kiti. Nikampa maji. Nikakaa na Shukrani, nikakohoa mara mbili, ndiyo ishara.

Pazia likasema shikamoo bibi.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Macho yakamjaa. Akaitikia marahaba mjukuu wangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikaona aibu, lakini nikaona pia ushindi. Ingeishia pale.

Pazia likaendelea na zaburi.

Yote. Nilikohoa, haikusaidia. Mama mkwe alikuwa anatazama mdomo wa Shukrani uliofungwa, kisha pazia, kisha mimi. Na Shukrani naye alisikia kuna kitu ndani ya kitu. Akateleza mapajani, akaenda moja kwa moja, akashika pazia kwa mikono miwili, akalifunua kama mfuniko wa ndege. Akachungulia.

"Leonia," akasema.

Safi kabisa. L yake, n yake. Nikapiga yowe. Zablon akaingia mbio na ufunguo wa bajaji mkononi.

Mama mkwe hakuinuka. Akainamisha kichwa, akaangalia chini ya meza.

"Na huyo aliyesema sasa hivi umemficha wapi?"

Nikaapa. Nikasema huyo ni yeye mwenyewe, kweli tupu. Akasema ndivyo uso wangu ulivyokuwa dakika moja iliyopita, kweli tupu. Akavuta begi karibu, akaanza kukunja gauni la Shukrani lililokuwa kwenye kiti. Sikuwa na neno. Mimi, ninayemaliza maneno yote ya nyumba.

Shukrani akamvuta Leonia hadi magotini kwa bibi yake. Akamwonyesha kwa kidole, kidole kile kile cha ndege.

"Leonia," akasema. Tena. Tena. Usoni kwa mama mkwe, kwa mate, mpaka mama mkwe akafuta shavu. Alifuta shavu moja, kisha la pili, na la pili halikuwa na mate.

Akacheka mpaka kilemba kikalegea. Akatoa gauni kwenye begi, akalirudisha kwenye kiti. Akasema alitaka mtoto awe na mtoto wa kugombana naye, kumbe anaye, mlango wa pili. Viazi vilivyokuja kwenye kikapu viwe vya wawili hao, na mimi nisivimenye, niwaachie wanyang'anyane.

Asnath amekaa kwenye ngazi jioni nzima. Neno la kwanza la mwanangu ni jina la binti yake. Hajasema kitu. Hana haja.

Shukrani amelala. Nimefikiri sana. Jambo liko wazi. Mtoto anamtaja aliyejificha. Kesho, Zablon akishatoka, nitaingia nyuma ya pazia mimi mwenyewe. Nimejipima, miguu inaonekana, nitasimama kwenye ndoo. Na sitoki humo hadi aniite mama.