Bosi Asifaulu Kwanza

Jumamosi, 3 Mei

Siku njema, mpaka ilipoharibika. Asubuhi nilimfuata Bosi kwa mama yake, tukaenda uwanja wa shule kwenye darasa la usalama barabarani. Bosi ni binti yangu, yuko darasa la nne. Cheo nimempa mwenyewe, maana ananiamrisha tangu alipoanza kusema. Mama yake ana duka la dawa na Jumamosi hatoki dukani, kwa hiyo darasa hili limeniangukia mimi. Neema tupu! Tangu tuachane, hii ndiyo siku pekee ninayompata mtoto.

Mwalimu ni Afande, trafiki mstaafu, mama mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi. Barabara zimechorwa uwanjani kwa chokaa. Watoto wanapita na baiskeli na viatu vya magurudumu. Magari ni sisi wazazi. Unavaa boksi kiunoni, unanguruma. Mimi ni lori. Nanguruma vizuri, hata Afande amekiri.

Kisha akatangaza mtihani. Jumamosi ya tarehe kumi na saba! Atakayefaulu atapata beji, na darasa kwake ndiyo basi. Atakayefeli atarudia kozi yote. Wazazi wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikanguruma kidogo tu.

Njiani nilimuuliza Bosi Jumamosi zake zitakuwaje akifaulu. Akasema Anko atampeleka kuogelea. Anko ni daktari wa meno, mume mpya wa mama yake. Anatabasamu muda wote, sijui anatangaza biashara. Kuogelea! Mimi hata beseni sina.

Nimeamua. Bosi asifaulu. Sisemi milele. Asifaulu kwanza.

Jumatano, 7 Mei

Katikati ya wiki ni jangwa. Leo karakanani nilikuwa nachora bango la saluni. Mteja akaja, akasoma, akauliza huyo Bosi ni nani na anafanya nini kwenye saluni yake. Nikaomba radhi, nikafuta, nikachora upya. Akasoma tena. Bado Bosi! Amechukua bango lake, kaenda kwa fundi mwingine.

Lakini mpango umeiva. Asiyefanya mazoezi hafaulu. Na lori likiharibika katikati ya njia, nani atafanya mazoezi?

Jumamosi, 10 Mei

Niliharibikia makutanoni. Nililala chali barabarani na boksi langu, nikasema injini imekufa. Bosi alifika, akasimama. Akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Akashuka, akaikokota baiskeli pembeni akanizunguka, na akanipa pole ya injini. Afande akapuliza filimbi, akawaita watoto wote waje waone. Akasema hivyo ndivyo gari bovu linavyopitwa. Nimemfundisha mwenyewe!

Niliharibika tena kwenye kivuko. Afande akanivua boksi mbele ya watu. Sasa mimi ni nguzo ya taa. Nikajitetea kuwa nina uzoefu na magari makubwa. Akanijibu kwamba nguzo haisemi.

Na nani akatokea? Anko, kaleta chupa ya maji aliyoisahau Bosi. Afande akamtazama, akamtazama tena, akampa gari la wagonjwa. Hajafika hata dakika! Darasani kuna pacha wawili wa viatu vya magurudumu; mmoja akaanguka, Anko akakimbia akilia ving'ora, uwanja mzima ukacheka. Bosi alicheka mpaka helmeti ikamshuka puani. Zamani kicheko kile nilikuwa nakisikia jikoni kila asubuhi. Nilisimama pale, mikono mbavuni, nikimezwa na wivu.

Ila kila alipomaliza mzunguko, Bosi alipita karibu na kunigusa begani. Mara moja akaniuliza kwa kunong'ona kama taa inawaka. Nikasema inawaka. Afande akanikaripia, lakini nilikuwa nimeshajibu.

Ijumaa, 16 Mei

Bahati ya mtende! Afande kapiga simu. Vibao vya alama za barabarani vya darasa letu vimepauka, na amesikia nguzo yake ya taa ni mchoraji wa mabango. Je, naweza kuvichora upya kwa ajili ya mtihani? Nimesema naweza. Sauti ilinitetemeka, akadhani ni unyenyekevu.

Vyote nimevichora vizuri. Kimoja nimekichora vizuri zaidi. Kwenye kona ya mwisho njia inakwenda kushoto, mshale wangu unaelekea kulia, kwenye rundo la matairi makuukuu. Hakuna wa kuumia. Nimejirusha humo mwenyewe kuhakikisha, nikatoka na vumbi tu. Bosi anavitii vibao, atakwenda kulia, atafeli taratibu, na Jumamosi zangu zitabaki.

Jumamosi, 17 Mei

Mambo yameharibika!

Watoto walisubiri nyuma ya jengo, wakaitwa mmoja mmoja ili wasiigane. Wa kwanza akaufuata mshale. Matairini! Wa pili, matairini. Pacha wakaja wameshikana mikono, wakaingia pamoja. Anko akakimbia kuwaokoa, naye kwa kuheshimu alama akafuata mshale. Miguu tu ndiyo ilionekana. Nakiri hapo nilifurahi.

Akaitwa Bosi. Alifika kwenye kona, akafunga breki, mguu chini. Akautazama mshale, akaitazama njia, akaurudia mshale. Kisha akashuka, akakokota baiskeli kushoto mpaka mwisho. Afande alipomuuliza, akasema kibao na njia vikigombana, mtu ashuke atumie macho yake. Afande alifuta machozi kwa filimbi, akatangaza kuwa huo ndio mtihani wenyewe.

Amefaulu peke yake! Wengine wote wanarudia kozi. Baba yao pacha alilalamika kwamba Jumamosi zake zote zimekwisha, atakaa na watoto mpaka shule zifungwe. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumpiga ngumi. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Njiani Bosi akaniambia mshale ule anaujua, mishale yangu yote ina mkia mnene. Akataka kujua kwa nini. Nikasema brashi iliteleza. Akaishika beji yake. Mlangoni kwa mama yake niliendelea kushikilia tandiko la baiskeli mpaka akaniomba niachie.

Jumapili, 18 Mei

Sikuwa na hamu ya chai wala ya kazi. Kisha kengele ya baiskeli nje ya karakana. Bosi! Peke yake! Helmeti, kizibao cha kung'aa, beji kifuani. Mama yake amemruhusu kuja kwangu kwa barabara za ndani, kila Jumapili, na Jumatano baada ya shule. Ruhusa ilikuwa ikisubiri beji. Akasema ndiyo maana alijitahidi vile, aje mwenyewe bila kusubiri kuletwa.

Nililia. Nikamwambia ni harufu ya rangi. Akakubali, akanipa kitambaa.

Tukachora pamoja. Akakaa kwenye kopo lililopinduliwa, akaniambia herufi zangu zimelegea. Nilikuwa na furaha mpaka ikaanza kuniuma. Kila nilipomtazama nilimwona ameshaondoka. Alipokwenda kunawa mikono, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye tairi la nyuma, ukatoa upepo. Mkono, si mimi!

Akatoka kuisogeza baiskeli kivulini. Na kama Afande alivyomfundisha, hagusi baiskeli bila kukagua upepo, breki na cheni. Tairi chapati. Baiskeli mbovu haiingii barabarani, hiyo ndiyo sheria, na mama lazima aambiwe papo hapo. Akapiga simu. Anko akafika upesi na gari lake la kweli, akitabasamu.

Kabla ya kupanda, Bosi alinivuta pembeni. Akasema alikuwa na ruhusa ya kukaa mpaka jua kuzama. Akasema nikitaka abaki nimwambie tu, kwa sababu na yeye hupenda kubaki. Kisha akanibusu shavuni penye rangi, akaondoka. Jua lilikuwa bado kichwani.

Nimeyatafakari maneno yake mpaka brashi ikakauka mkononi. Mtoto ana akili kuliko mimi. Anasema kweli tupu, tairi lilikuwa kosa. Linaonekana upesi mno. Jumatano nitaanza na cheni.