Ombi Rasmi la Kumsamehe Mwanamfalme Dhoruba

Kwa Mheshimiwa Mwandishi wa vitabu vya Falme za Majivu,
Kupitia kwa wachapishaji wake, ambao nawaomba wasiifungue barua hii, na wakiifungua basi waifunge vizuri.

Ndugu Mwandishi,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Natumaini u mzima, mkono wako wa kuandikia hauumi, na watu wa nyumbani kwako wanapatana. Sisi huku ni wazima wa mwili. Hilo la kupatana ndilo lililonifanya nisukume cherehani pembeni, nifute meza na kukuandikia.

Mimi ni mama wa makamo, fundi wa foronya na mapazia. Shule sikufika mbali, ila kusoma najua, na vitabu vyako vyote vinne nimevimaliza. Cha tatu nilikisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini.

Nina ndugu wawili wa kiume, mmoja kanitangulia kuzaliwa, mwingine kanifuata, wote mafundi wa vitanda. Mkubwa watu wanamwita Mkurugenzi, ingawa hana wa kumwongoza. Mdogo wanamwita Nakshi kwa sababu ya mikono yake: akichonga ndege kwenye mbao unatamani kumwekea maji. Karakana waliachiwa na marehemu baba. Mkurugenzi alikuwa akitengeneza fremu, Nakshi akichonga ubao wa kichwani, na mmoja akipiga msasa mwingine alisoma vitabu vyako kwa sauti. Wateja waliokuja kuulizia vitanda vyao walikuwa wanakaa juu ya mbao, wanasahau kilichowaleta, wanasubiri joka litue.

Sasa hawasemezani. Nakshi amehamia ng'ambo ya barabara, chini ya bati la kuazima, na mimi ndiye ninayevuka kupeleka maneno huku na huko. Binti yangu anaolewa hivi karibuni, na kitanda chake walikwisha kumwahidi wajomba zake wote wawili kabla hawajagombana. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, katika juzuu ya tano umsamehe Mwanamfalme Dhoruba. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Lango. Katika juzuu ya tatu Dhoruba alitaka taji awe nalo peke yake, akafunga lango la daraja wakati mdogo wake Umande bado yuko nje na jeshi la majitu liko nyuma yake. Uliandika vizuri sana, Mungu akusamehe. Wiki ileile kaka yangu alipoimaliza sura hiyo, likaja agizo la nyumba ya wageni: vitanda vingi, vya kawaida, visivyo na maua wala ndege. Kaka akalichukua kwa jina lake peke yake. Asubuhi Nakshi akafika kazini, akakuta kufuli jipya mlangoni. Hakupiga kelele. Alidhani kaka yake amepoteza ufunguo wa zamani, akakaa kizingitini na patasi zake mapajani, akimsubiri aje amfungulie. Hilo la kusubiri ndilo linaloniuma mimi. Kaka anasema hakujifunza kwako, wazo la kuwa mkubwa alikuwa nalo siku nyingi. Mimi nasema wazo alikuwa nalo, wewe ukampa kufuli.

2. Lugha. Zamani ndugu zangu walipokasirikiana walitukanana kama watu wa kawaida, yakaisha kabla ya chakula cha mchana. Siku hizi wanatumia maneno yako. Juzi Nakshi alinituma, "Dada, kamwambie yule mnyang'anyi wa mataji kwamba randa yangu iko kwake, na asipoirudisha nitashuka kutoka milimani na moto." Milima hapa hatuna. Nikavuka, nikayafikisha kama yalivyo. Mkurugenzi akaweka nyundo chini, akaangalia mbali, akanijibu, "Mwambie mwana wa ukungu kwamba randa haina bwana ila yule anayeinoa." Mama mmoja aliyekuja kununua kitanda cha mtoto aliondoka taratibu, bila kugeuka. Naomba ujue kwamba mjumbe wa maneno hayo yote ni mtu mwenye magoti mabovu.

3. Kitabu chenyewe. Juzuu ya nne waliinunua kwa kuchangia, kabla ya ugomvi, wakiwa hawajaifungua bado. Walipotengana kila mmoja akaidai nusu yake. Nakshi akasema basi ikatwe. Nikapeleka habari ng'ambo, nikidhani Mkurugenzi atacheka. Akauliza, "Kwa msumeno upi?" Nikarudi kuuliza. Nakshi akasema wa meno madogo, ili kurasa zisichanike. Nikarudi. Mkurugenzi akasema hapo kweli amenena. Ndugu Mwandishi, katika muda wote wa ugomvi huu ndilo jambo pekee waliloafikiana, na lilikuwa kukupasua wewe katikati. Nikakificha kitabu ndani ya foronya. Sasa nawapa kwa zamu, sura moja moja. Mmoja akimaliza namvukishia mwenzake, na kila mmoja ananiuliza kwa siri, "Mwenzangu alisemaje alipofika hapa?"

4. Kitanda. Hapa naomba usome polepole, maana ndiyo kiini. Baba alipimia kwa fimbo ya mti mgumu aliyoichonga mwenyewe. Upande mmoja imelika kwa miaka mingi ya kugongwa sakafuni, kwa hiyo ni fupi kwa upana wa kidole. Wote tunajua. Hakuna aliyeirekebisha, kwa sababu fremu na ubao vilipimwa kwa fimbo hiyohiyo na vilikubaliana daima. Walipotengana, fimbo ilikuwa kwa Nakshi, ikabaki naye. Mkurugenzi akanunua futi ya chuma inayojirudisha yenyewe kwa kelele. Sasa fremu ya kitanda cha binti yangu imepimwa kwa futi, na ubao wa kichwani umepimwa kwa fimbo. Nilivileta vyote viwili chumbani kwangu kimya kimya, nikavisogeza pamoja kama mtu anayepatanisha watoto. Havikuingiana. Pale kwenye kona paliachwa nafasi ya kidole kimoja. Nikamwambia kaka, akasema futi haidanganyi. Nikamwambia mdogo, akasema na fimbo ya baba nayo haijamdanganya mtu. Binti yangu akatazama ile nafasi, akasema, "Mama, si tutaweka kitambaa tu." Nikaenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikarudi kushona.

5. Dua. Nimekuwa nikiwaombea ndugu zangu kwa muda mrefu, na kwa kuwa majina ya watu wako yameingia sana nyumbani, siku moja kwenye kikundi chetu cha maombi, macho yakiwa yamefumbwa, nilijisikia nikisema kwa sauti kubwa, "Ee Mungu, mrejeshe Dhoruba, ulainishe moyo wake, afungue lango." Wenzangu wakaitikia kwa nguvu sana. Tangu hapo kila tukikutana lazima Dhoruba aombewe. Mwenyekiti wetu amefunga kwa ajili yake. Ameniuliza anakaa mtaa gani ili twende kumtembelea, nikasema yuko mbali, kwenye nchi yenye baridi. Akauliza kama ana sweta. Nimejaribu mara kadhaa kueleza kwamba ni mtu wa kitabuni, lakini wanawake wale wameshamlilia, na mimi nitamwondoaje mtu machozini mwao? Ukimuua, Ndugu Mwandishi, nitalazimika kutoa taarifa ya msiba.

6. Dada. Nimepekua vitabu vyote vinne. Umeweka majitu, majoka, mchawi asiye na kivuli na farasi anayekumbuka mambo ya kesho. Dada hukuweka hata mmoja. Wanaume wawili wa tumbo moja wanapigania taji kwa juzuu nne, na hakuna mtu wa kuwaambia waache upuuzi waje kula? Angekuwapo dada, vita vyako vingekwisha sura ya pili. Si lazima awe mzuri wala apande joka. Mpe birika la chai na njia ya kuvuka daraja, yatosha. Nipo tayari kukuandikia maneno yake bila malipo, kwa kuwa nimeshayasema yote.

7. Upanga. Juzuu ya nne umeimaliza Dhoruba akiwa amepiga magoti mbele ya lango lilelile, na Umande amemwekea upanga shingoni. Hapo ukaandika "Mwisho wa Juzuu ya Nne," ukaenda zako kulala. Je, unajua sisi tumelala vipi? Nakshi alipofika ukurasa huo alikifunga kitabu, akasema mbele yangu na mbele ya binti yangu, "Sikilizeni. Umande akimsamehe, na mimi navuka barabara. Asipomsamehe, huyo bwana asinitegemee." Nikakimbia ng'ambo, magoti na yote, nikamweleza Mkurugenzi. Alikuwa anapiga msasa mbao, akaendelea kupiga mahali palepale mpaka pakaingia shimo. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mwandishi gani atamsamehe mtu kama yule?"

Kwa hiyo unaona, ombi langu si kubwa. Ufalme wako sijui utakaliwa na nani, hilo ni lako. Ninachotaka ni upanga ushuke. Ikibidi majitu yachelewe njiani, yacheleweshe. Ikibidi joka liugue, liugue tu. Na kama sheria za nchi yako haziruhusu msaliti asamehewe, basi njoo hapa wewe mwenyewe na gundi na misumari, uzibe hiyo nafasi ya kidole kimoja, kwa maana mimi nimeshindwa.

Nisalimie mkeo au mumeo, sijui kwako kukoje. Nisalimie wachapishaji, aliyechora joka kwenye jalada, na yule anayepanga herufi, mwambie aongeze ukubwa kidogo, macho yetu si ya jana. Msalimie Umande. Dhoruba mwambie kuna wanawake wanamwombea.

Ni mimi nikutakiaye heri na kalamu nyepesi,
Dada wa Mafundi Wawili

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, nimelazimika kuifungua tena. Kabla sijaifunga nilikuwa nimemsomea wifi yangu, mke wa Mkurugenzi, nione kama heshima imetosha. Wifi yangu ni mtu mwema, ila neno likimwingia sikioni linatokea mdomoni bila kupumzika. Chai yangu haijapoa, nasikia kelele barabarani. Nachungulia dirishani: kaka yangu, na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, anavuka. Anakwenda moja kwa moja mpaka chini ya lile bati, anasimama mbele ya mdogo wake, na neno la kwanza kumwambia tangu siku ya kufuli likawa hili: "Umesikia anachofanya dada yako? Anamwandikia mwandishi amsamehe Dhoruba!"

Nakshi akaangusha patasi. "Amsamehe? Hivihivi tu?"

"Ndiyo nashangaa!"

"Na lango hata hajafungua!"

Wakaja kwangu wote wawili, wakaingia mlangoni kwa pamoja wakakwama, wakatoka, wakaingia tena. Nimegombezwa kama mtoto. Wanasema sijui hadithi, sijui vita, sijui heshima ya upanga. Aliyepiga kelele zaidi ni Mkurugenzi. Alisema mtu aliyemfungia ndugu yake nje, na ndugu huyo amekaa anamsubiri kwa imani, mtu huyo ni wa kufa, na afe vibaya, hakuna cha machozi wala cha magoti. Alisema hivyo mpaka sauti ikamkatika, akaanza kutafuta leso kwenye mfuko usio na leso. Nakshi akavuta kiti changu cha kushonea, akampa. "Keti, kaka. Yule ni Dhoruba."

Sasa hivi ninavyoandika wako chini sakafuni kwangu. Wamelaza fimbo ya baba juu ya fremu, Mkurugenzi anakata upana wa kidole kimoja kwa msumeno wa meno madogo, na Nakshi anashika mbao huku wakibishana ni jitu lipi lipewe kazi ya kumkata Dhoruba kichwa. Binti yangu amewaletea chai. Wameomba na sukari zaidi.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote saba hapo juu uyapuuze. Muue, Ndugu Mwandishi. Ndugu zangu wameafikiana, na mimi sitaki kuwa chanzo cha ugomvi mwingine. Kikundi cha maombi nitajua namna ya kukiambia.

Ila, kwa kuwa hawa wameinamia kazi na hawaoni ninachoandika: kama nafasi itakuwepo, afe lango likiwa wazi.