Kibanio Kilichoishinda Ndoo ya Rangi

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama! Zimeni redio, epueni masufuria, na mwenye kukohoa akohoe sasa, kwani hii ni habari ya vita vilivyopiganwa asubuhi moja katikati ya jiji, bila bunduki wala ngao, na shujaa wake akiwa amevaa ndara.

Katika jiji hilo umesimama ukuta wa mawe wa kuwakumbuka waliojitolea: makarani, washonaji na waoka mikate, ambao hawakulazimishwa na mtu, wakaenda vitani wenyewe wasirudi. Majina yao yalichongwa ndani ya jiwe. Meya wa kwanza aliuzindua kwa hotuba iliyomlaza mpiga tarumbeta. Wa pili akauhamisha kupisha barabara, wa tatu akaurudisha kupisha barabara ileile. Wa nne, kwa kukosa la kufanya, akaamuru upakwe rangi nyeupe kila mwaka, asubuhi ya siku ya kumbukumbu, kwa heshima ya mashujaa. Amri ile haikufutwa. Miaka arobaini wakapaka rangi juu ya rangi, hata majina yakabaki vijishimo tu, kama makovu ya tetekuwanga.

Mfagizi wa hapo aliitwa Kimya, Simba Jike wa Ufagio wa Chelewa, Mtikisa Vumbi, binti ambaye akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja husahau jina lake. Na kila mwaka alimwona bibi mmoja asiyeona akija kumtafuta kaka yake kwa kidole: mstari wa sita, jina la tatu, herufi tisa. Mwaka uliopita kidole kilihangaika mno.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "kaka anazama. Mwakani sitampata."

Kimya akaendelea kufagia. Lakini neno lile lilimkaa kichwani mwaka mzima.

Siku ikafika. Naye Fundi Rangi, Jemadari wa Ndoo, akaja na brashi pana kama jembe, akaiteka mistari mitano kabla jua halijapanda.

"Shikamoo, fundi," Kimya aliuambia ufagio wake. "Mstari wa sita usiupake."

"Ati nini?"

"Usiupake!"

"Lo! Mimi, mwana wa mpaka rangi, mjukuu wa mpaka rangi, niliyepaka hospitali, stendi na nyumba ya mama mkwe, leo nizuiwe na chelewa? Amri inasema ukuta wote!"

Ndipo Kimya akatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake: "Amri inasema upake, fundi. Haisemi usinywe chai kwanza."

Jemadari akatafakari. Kweli, hilo halikuwamo. Akaenda.

Papo hapo shujaa akachomoa upanga wake, kibanio cha nywele, na nywele zikasimama upande mmoja kama bendera ya vita. Akakwangua! Akapenya nyeupe, akapenya rangi ya maziwa, akaukuta mwaka ambao nyeupe iliisha wakatumia buluu ya vyoo vya sokoni. Kwenye herufi ya saba kibanio kikapinda. Akakinyoosha kwa meno. Kwenye ya tisa, kivuli kikamwangukia. Jemadari amerudi, ameshiba.

Akatazama jina. Akalitazama tena.

"Kumbe ni jina la mtu," akanong'ona. "Nilidhani ni nakshi."

Akaiweka chini brashi pana, akachukua ile nyembamba ya madirisha, akapaka kulizunguka jina, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Saa nne, mbele ya meya na bendi, bibi akafika. Kidole kikatembea juu ya rangi mbichi, kikatumbukia. Moja, mbili, mpaka tisa.

"Aa! Uko hapa, mvivu wewe!" akacheka, machozi yakimtoka. "Mwoka mikate wa kuamshwa kwa maji ya baridi! Nani kamwamsha leo?"

Bendi ikanyamaza. Watu wote wakageuka. Kimya akatafuta mahali pa kujificha, asipaone.

"Mimi," akasema, na hata waliosimama nyuma wakasikia.

Basi iandikwe, ewe jiji, kwamba siku hiyo zilikombolewa herufi tisa. Na kwamba meya alipofungua hotuba yake hakusikika neno, kwa kuwa wanawake walikuwa wamejipanga ukutani, kila mmoja amechomoa kibanio chake, wakikwangua.