Kivuli wa Gia Hajulikani Alipo

Jumatatu, 12 Mei

Ukungu tangu alfajiri. Stendi ya Tukuyu haionekani, na mimi sionekani. Hali ninayoipenda.

Leo naandika jambo ambalo hata mama halijui. Yule Kivuli wa Gia, fundi wa modi anayesifiwa na kila anayecheza gemu la mabasi, ni mimi. Mimi Anyosisye, mkata tiketi wa Mzee Nurdin! Modi, kwa atakayesoma daftari hili nikishafariki, ni kitu unachokitengeneza mwenyewe na kukiingiza ndani ya gemu: basi, barabara, honi. Wenzangu wanatengeneza mabasi ya kifahari. Mimi nimetengeneza Subira Express, basi la bosi wangu, pamoja na njia yake yote, Mbeya, Isongole, Kyimo mpaka hapa. Na sikudanganya kitu. Mlango umefungwa kwa kamba ya mpira. Mlima wa Isongole linachemsha, konda anatoka na dumu la maji. Mvua ikinyesha, abiria wa siti namba kumi na nne anafungua mwavuli.

Imepakuliwa mara elfu nne kwa wiki mbili. Namshukuru Mungu. Nalishukuru na kundi letu la mtandaoni, Mafundi wa Usukani, watu mia tatu wenye majina ya kubuni. Sheria yetu ni moja: jina la kweli la mtu halitajwi, hata ukilijua. Huo ndio usalama wangu. Mzee akijua ni mimi, sina kazi.

Jumanne, 13 Mei

Mzee ameiona modi! Vijana wawili walikuja dirishani kuomba siti namba kumi na nne, mwavuli mkononi. Mzee akauliza kulikoni. Wakamwonyesha kwenye simu. Akalitazama basi lake likitoa moshi Isongole, akaitazama na ile kamba ya mpira.

Baadaye alisema ameuza vitenge Kyela miaka kumi na moja ndipo akalipata basi hilo, na leo mtu asiye na uso analifanya kichekesho cha watu. Huyo mtu apatikane, siku hiyo hiyo kazi hana, kama ni wa hapa stendi. Roho iliniuma. Kidogo.

Kisha akamteua wa kumtafuta. Mimi! Eti ndiye ninayeelewa mambo ya kompyuta. Suad, binti yake tunayekaa naye dirishani, alinikazia macho. Nikasema nitafanya kila liwezekanalo. Mzee ameninunulia bando la wiki nzima kwa ajili ya upelelezi. Nashukuru sana, la kwangu lilikuwa limekata.

Jumatano, 14 Mei

Mpango kabambe. Nimefungua akaunti ya pili, Mtu wa Ziwa. Mtu wa Ziwa akaandika kwenye kundi kwamba anamfahamu Kivuli wa Gia, ni jirani yake Bukoba, ana duka la dawa. Nikampelekea Mzee ujumbe huo kama ushahidi. Akaanza kuulizia nauli ya Bukoba.

Kundi lilipokea vizuri mno. Karibu wote waliandika, “Sawa, Bukoba,” na vicheko vingi. Isipokuwa Chuma Baridi, msimamizi wa kundi, mtu mwenye wivu na mimi tangu mwezi wa tatu. Aliuliza imekuwaje umeme ulipokatika Tukuyu, Kivuli na Mtu wa Ziwa wakanyamaza pamoja, na uliporudi wakarudi pamoja. Nilijibu kwamba mvua ni ya wote, inakata umeme Tukuyu na Bukoba pia. Hakuongeza neno. Nimemmaliza.

Jambo jingine. Watu wanazidi kunishukuru kwa “sauti ya Kyimo”. Hiyo ni injini. Niliirekodi nyumbani kwetu, siku dereva Ackson aliposimamisha Subira mbele ya uwanja wetu akaliacha lingurume dakika mbili kwa hisani yangu. Kwenye gemu, basi likisimama Kyimo, sauti hiyo inaanza yenyewe. Mimi huisikiliza kwa sikio la kushoto, maana hedifoni zangu upande wa kulia zilikufa mwaka jana. Kushoto kunatosha. Mngurumo safi.

Basi leo mtu anayejiita Abiria wa Mbali kaniandikia pembeni. Mzaliwa wa Matwebe, huku huku kwetu Rungwe, sasa yuko Dar. Kila akitoka kazini anaendesha mpaka Kyimo, anasimamisha basi, anasikiliza. Juzi alilia. Kwa mngurumo! Sikujua nina kipaji kiasi hiki. Anataka kunitumia hedifoni mpya kwa shukrani. Nikamwandikia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, halafu nikakumbuka niko Bukoba, nikafuta. Aliomba jina na mahali pa kutuma. Siri kwanza: Kivuli wa Gia, stendi ya Tukuyu.

Sasa hivi ndiyo nimekumbuka tena kwamba niko Bukoba.

Alhamisi, 15 Mei

Mzigo wa Dar umefika mchana, kutoka Mbeya ukiwa ndani ya Subira Express. Herufi kubwa: KIVULI WA GIA, TUKUYU. Umeshushwa mezani kwangu. Sikukumbuka kwamba mizigo ya basi letu inapokelewa dirishani kwetu, ingawa ni mimi ninayeipokea kila siku.

Mzee alifurahi kama kapata mjukuu. Bukoba ilikufa hapo hapo. Akaweka kifurushi kaunta, akavuta kiti, akaagiza kahawa, akasema mwenyewe atakuja tu.

Tumekaa saa tano nzima. Mzee, mimi, na kifurushi changu. Kila aliyepita alikaguliwa uso. Mchungaji wetu wa Kyimo, aliyekuja kuulizia basi la Kyela, akaulizwa anapenda gemu gani. Ameondoka kanuna. Jioni Suad akasema taratibu kwamba huenda mwenyewe alishafika zamani. Nikakohoa mpaka nikaletewa maji.

Na huko kwenye kundi, mgeni mmoja alikuwa ameandika kitu kuhusu ile sauti yangu. Chuma Baridi akakifuta kabla sijakisoma, na mgeni mwenyewe akatolewa nje ya kundi siku tatu. Yaani hata wanaonisifu anawafuta! Wivu gani huu, jamani?

Ijumaa, 16 Mei

Leo sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Mzee alirudi kutoka msikitini na wazo. Akamwambia Suad aunganishe gemu hilo na spika ya kutangazia safari, amsikilize adui yake vizuri. Suad akaendesha. Isongole likachemka, Mzee akaguna. Likateremka hadi Kyimo, likasimama. Mngurumo wangu ukaanza, mzito, mzuri. Spika ya stendi haina sikio la kushoto wala la kulia, inatoa vyote. Na katikati ya mngurumo, stendi nzima ikamsikia mama yangu.

“Gwe Anyosisye! Anyosisye mwanangu! Acha hilo basi la watu, njoo ule ndizi, mbalaga inapoa!”

Wapiga debe wakageuka. Muuza karanga akasahau chenji ya mtu mkononi. Kisha mama akaita tena, kwa sababu mimi mwenyewe nilipanga sauti ijirudie.

Mzee hakuhitaji kuuliza. Mama yangu, Mama Tulinagwe, ndiye anayemletea maziwa kila Jumatatu, sauti yake anaijua. Akamwambia Suad arudishe. Akasikiliza mara tatu, kichwa kainamisha. Mimi sikujua pa kuweka mikono. Nikaomba radhi, nikaomba tena. Nikasema ukweli, sina uzoefu nao, ulitoka vipande vipande: kwamba basi lile nalipenda, nimelipanda tangu niko shule, na lisilochemka Isongole lisingekuwa Subira.

Mzee akasimama, akazima spika mwenyewe. Halafu akasema, “Kichwani mwangu nilishakufukuza. Lakini mtu anayeitiwa chakula namna hii simfukuzi akiwa na njaa. Nenda Kyimo ukale. Jumatatu uje kazini. Na siku nyingine ukitaka kunisema, nisemee kwa jina lako.”

Nililia. Nashukuru nilikuwa nimegeukia ukutani.

Suad alinikabidhi kifurushi. Akanitaka kwanza nisaini, jina kamili.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeliuliza kundi ni nani aliyekuwa ameisikia sauti ya mama.

Wote. Mia tatu! Tangu siku ya kwanza wanajua naitwa nani, kwetu ni wapi, na tunakula nini. Hakuna aliyetamka. Ndiyo sheria, waliandika. Chuma Baridi akasema amewafuta watu kumi na wawili waliotaka kuropoka, na kwamba nikithubutu kumnyamazisha mama kwenye toleo lijalo, nitafute kundi jingine. Na mimi wiki nzima namwita mwenye wivu.

Abiria wa Mbali akaandika kwamba mama yake alikuwa akimwita hivyo hivyo, pale Matwebe, na sasa hayupo. Nikaenda kukaa jikoni karibu na mama bila sababu. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nashukuru tu. Akaniongezea mbalaga.

Nimewashukuru wanakundi mmoja mmoja mpaka bando la Mzee likaisha. Na Ackson amepita kusema kwamba mlango wa Subira umepelekwa kwa fundi. Inabidi na kwenye gemu niifungue ile kamba. Nitafanya hivyo kwa moyo mweupe, kwa jina langu. Sina haja tena ya kujificha.

Jumapili, 18 Mei

Wakati wa mahubiri nimepata wazo kubwa. Haisi ya mchungaji! Ile inayobeba kwaya, inayosukumwa na sauti ya pili na ya tatu kila Jumapili kabla ya kuwaka. Kwenye gemu itapendwa kuliko Subira. Ila mchungaji bado kanuna kwa mambo ya Alhamisi, kwa hiyo lazima nisijulikane. Sijavunja ahadi. Mzee alisema nitumie jina langu nikitaka kumsema yeye. Habari za mchungaji hakuzigusa.

Jina jipya: Ukungu wa Rungwe. Hakuna atakayenihisi.

Tatizo lilikuwa mama, maana watu wanamtaka. Nimelitatua. Nimemkalisha, nimemweleza kwa utaratibu kwamba safari hii asiite Anyosisye, aite Ukungu. Aliuliza kama nimebatizwa upya. Mwishowe akakubali, nikarekodi haisi ikisukumwa mbele ya uwanja wetu mpaka ikawaka, naye akiita kutoka jikoni.

Nimesikiliza kwa hedifoni za zamani, sikio la kushoto. Mngurumo safi, na mama kwa mbali, “Ukungu! Ukungu!” Zile mpya nimezifungia kabatini na boksi lake hadi Krismasi, zisichakae. Bando la saa moja lilikuwa linakaribia kukata, nikaipandisha modi mtandaoni haraka. Mama akaja akiwa anafuta mikono, kuuliza kama na lile neno dogo alilowaongezea watu mwishoni, ili wasichanganyikiwe, limesikika. Nikamwambia kila kitu kimesikika vizuri, mama. Sikuwa na muda wa kuuliza ni neno gani.

Dakika kumi tu, na wameshapakua watu sitini. Chuma Baridi ndiye wa kwanza kuandika: “Sawa, Ukungu.” Wengine wote wamefuata, na vicheko vingi. Wameamini. Namshukuru Mungu.